"Mwalimu, nilikuwa napenda kusoma kabla ya chati"

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa lugha, na huu ni mwaka wangu wa nane kufundisha. Nimesita wiki nzima kukuandikia kwa sababu jambo lenyewe, ukilitazama kwa nje, ni mafanikio matupu, na sijui mtu anaanzaje kulalamikia mafanikio.

Darasa langu lina wanafunzi 46, wengi wa miaka 13 na 14. Nilipokabidhiwa walikuwa hawasomi chochote nje ya vitabu vya kiada. Kabati la vitabu vya hadithi lilikuwa na vumbi ambalo ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Nikiwauliza wamesoma nini wakati wa likizo, wanainamisha vichwa, kisha mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, hicho kitatoka kwenye mtihani?"

Miaka miwili iliyopita nikaanzisha shindano. Nilibandika chati kubwa ukutani yenye majina yote. Kitabu kimoja, nyota moja. Ili upate nyota unaniletea muhtasari wa ukurasa mmoja, ninausoma na kutia saini. Mwisho wa muhula wenye nyota nyingi wanapewa zawadi mbele ya wazazi. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na bado sioni ubaya wa kumzawadia mtoto aliyejitahidi. Muhula wa kwanza walisoma vitabu 112. Muhula uliopita, 389. Mwalimu mkuu alizitaja hesabu hizo kwenye mkutano wa wazazi, wakapiga makofi, nami nilisimama pale nikiwa na furaha ya kweli kabisa.

Mwezi uliopita, usiku, nikiwa nasahihisha, nikakuta mihtasari mitatu inayofanana hadi kwenye makosa: yote ilikosea jina la mhusika mkuu kwa namna ileile. Mmoja ulikuwa wa msichana anayeongoza chati, mwenye nyota 21. Nilimwita peke yake baada ya kipindi, nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia kuhusu uaminifu. Hakubisha. Alisema husoma sura ya kwanza, sura ya mwisho na maelezo ya nyuma ya jalada, na yaliyobaki huwauliza wenzake. Nikamwambia, mbona wewe unaweza kusoma vizuri tu? Akaanza kulia. Akasema: "Mwalimu, nilikuwa napenda kusoma kabla ya chati. Sasa nikikiona kitabu kinene naona kitanichelewesha."

Yale maneno niliyopanga sikuyasema.

Tangu siku hiyo naona mambo niliyokuwa siyaoni. Kuna mvulana ambaye kwenye chati mstari wake ni mweupe, hana hata nyota moja kwa miaka miwili. Nilishamwekea alama moyoni kwamba huyu hasomi. Muhula uliopita nilimkamata ameficha kijitabu cha habari za wachezaji mpira chini ya dawati, kimechakaa, hakina jalada. Nilikichukua nikakitia kwenye droo yangu, nikamwambia atakipata siku atakayoleta muhtasari wa kitabu cha maana. Juzi, wakati wa mapumziko, nimemsikia akiwasimulia wenzake maisha ya golikipa mmoja tangu utotoni: mwaka gani aliumia, daktari alimwambia nini, alirudi uwanjani baada ya miezi mingapi. Watoto kumi na zaidi walikuwa wamemzunguka kimya. Mimi sijawahi kulipata darasa langu likiwa kimya vile.

Lakini Shangazi, sitaki kukudanganya kwamba chati ni mbaya moja kwa moja. Yupo mtoto mwingine, mpole, hasemi, ambaye hakuwahi kugusa kitabu mpaka alipotaka nyota yake ya kwanza. Sasa ana tisa. Huyo nimemuuliza maswali ya ndani kabisa ya vitabu vyake na anavijua. Jumatatu iliyopita alinifuata kuuliza kama mwandishi wa kitabu alichomaliza ameandika kingine.

Sasa mwalimu mkuu anataka shindano lienee shule nzima kuanzia muhula ujao. Ameniomba nisimame mbele ya walimu wenzangu niwaeleze siri ya mafanikio. Nimebakiwa na wiki tatu. Nikisema ukweli, nitamwaibisha aliyenisifu hadharani, na pengine hata yule msichana atajulikana. Nikinyamaza, nitakuwa nimewafundisha walimu kumi na tisa kufanya jambo ambalo naogopa limeua kile nilichokuwa nataka kukiotesha.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo ndilo linalonichoma. Nilipotaka kumjibu yule msichana, nilitaka kumwambia kwa nini watu hupenda kusoma, nikakosa la kusema. Mimi niliyekulia ndani ya vitabu! Kisha nikakumbuka kwamba mwenyewe sijamaliza kitabu hata kimoja kwa zaidi ya mwaka. Usiku nasahihisha mihtasari. Kando ya kitanda changu kuna riwaya ambayo alama yake iko ukurasa wa 40 tangu mwaka jana.

Niivunje chati? Nimwambie nini mwalimu mkuu? Na mtoto asiyetaka kusoma anapendeshwaje, kama si kwa zawadi?

Mwalimu wa nyota

Shangazi anajibu

Marahaba, mwalimu wangu. Hiyo riwaya ya ukurasa wa 40 nitairudia, kwa sababu umeiweka mwisho kama kitu kidogo na mimi sioni kama ni kidogo.

Kwanza nikwambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Chati inasema jambo moja na msichana anasema jingine, na yote mawili ni kweli. Ndani ya wiki tatu unatakiwa kuzungumza mbele ya wenzako kana kwamba la kwanza peke yake ndilo kweli. Chini ya hapo kuna hofu nzito zaidi: kwamba wewe, kwa mikono yako, umeharibu kitu unachokipenda.

Hebu tulitazame hilo neno "limeua". Mtoto aliyesahau kabisa utamu wa kusoma hawezi kuulilia. Huyu anakumbuka alipokuwa, anajua lini palibadilika, na amekutajia sababu kwa sentensi mbili ambazo watu wazima wengi wangeshindwa kuzipanga. Na amekuambia wewe, mwenye chati. Mtoto hamwambii hivyo mwalimu ambaye haamini atamsikiliza. Kudanganya amedanganya, sikatai, na mtapaswa kulizungumza. Ila sidhani kwamba alitaka kukuhadaa. Aliwekewa hesabu inayolipa vitabu vingi na vyembamba, akaifuata kama mtu mwenye akili anavyofuata hesabu. Huenda wengine wengi wameifuata vilevile, ila kwa bahati hawakukosea jina la mhusika.

Swali lako la zawadi limewahi kuchunguzwa. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwachukua watoto wadogo wa shule ya awali ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza waliliahidi cheti kizuri likichora. Kundi la pili lilichora bila kuahidiwa kitu, kisha likapewa cheti kwa kushtukizwa. La tatu halikuahidiwa wala halikupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena darasani, kila mtoto achague mwenyewe la kufanya. Waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hamu yao ilibaki palepale.

Ndipo nikaifikiria upya methali yako. Chanda chema huvikwa pete, ndiyo. Lakini wahenga walikiona chanda kikiwa tayari ni chema, ndipo wakakivika. Hawakukionyesha pete kwanza ili kiwe chema. Mtoto anayefanya jambo kwa raha yake, ukimwahidi malipo, anaanza kujiuliza kama hapo mwanzo alikuwa analifanya kwa raha au kwa malipo, na baada ya muda jibu la pili linashinda.

Lakini wale watoto walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo. Kwa mtu asiye na hamu yoyote hakuna cha kupunguza, na zawadi inaweza kumfikisha mlangoni. Kwa hiyo chati ileile ilimnyang'anya msichana wako na ikamsaidia yule mpole wa nyota tisa. Sioni mgongano hapo. Tazama pia kwamba Jumatatu hakuja kuomba nyota ya kumi. Alikuja kumtafuta mwandishi. Nadhani yeye chati haimshiki tena, hata kama bado hajajua.

Sasa tuje kwenye swali ulilokosa jibu lake. Kwa nini watu hupenda kusoma?

Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi huko Marekani, mwaka 1978 alitofautisha namna mbili za kusoma. Kuna kusoma ili uondoke na kitu, kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa: anatafuta vijiko vingapi na mara ngapi kwa siku, akishapata, karatasi haina kazi tena. Na kuna kusoma ambako unachokitaka kinatokea wakati ule ule unaposoma: mapigo ya moyo yanapobadilika, picha inapojijenga kichwani, sentensi inapokulazimisha uisome tena kwa sauti ya chini. Maandishi yanaweza kuwa yaleyale. Kinachobadilika ni kile anachokiendea msomaji.

Shule, kwa kazi yake, inafundisha zaidi ile namna ya kwanza. Tunasoma ili tujibu maswali ya ufahamu, tutaje wahusika na dhamira. Siidharau, ni stadi inayohitajika maisha yote. Tatizo ni pale tunapochukua kitabu cha hadithi, kilichoandikwa ili mtu akiishi, tukamtaka mtoto akisome kama chupa ya dawa. Na muhtasari wa ukurasa mmoja, mwanangu, ndiyo lebo ya chupa yenyewe. Msichana wako ameng'amua kwamba lebo inapatikana bila kunywa dawa.

Raha yenyewe si moja. Wapo wanaosoma kwa udadisi mtupu, wanataka kujua jambo hadi mzizi wake. Wapo wanaosoma kwa ajili ya lugha, kama wengine wanavyosikiliza muziki. Wapo wapweke wanaokuta ndani ya kitabu mtu aliyewahi kuona aibu ileile wanayoiona wao. Hao hawatakueleza kamwe wanachokipata, na tusiwalazimishe. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa fasihi ya watoto, alifananisha vitabu na dirisha na kioo: kwa dirisha unaona maisha ya wengine, kwa kioo unajiona mwenyewe. Mtoto ambaye kila kitabu anachopewa ni dirisha la nyumba za watu wengine huishia kuamini kwamba kusoma ni mambo ya wenye nyumba hizo.

Na kuna raha ninayoiona kubwa kuliko zote ingawa haitajwi sana: kitabu kinakwenda kwa mwendo wako. Ukitaka unasimama, unarudi nyuma, unaruka maelezo ya mandhari, unakiweka kifuani na kufikiri. Sauti za wahusika unazipa wewe. Kwa mtoto wa miaka 13, ambaye kengele ndiyo inayomwambia lini akae, lini atoke na lini anyamaze, huo ni uhuru mkubwa. Chati inauondoa uhuru huo kwanza kabla ya kitu kingine, maana anayehesabiwa vitabu hawezi kusimama, na kurudia kitabu anachokipenda ni hasara tupu. Kwako kurudia kitabu kunapata nyota?

Nije kwa mvulana wa mpira. Hapa ndipo ninapotaka ukae nami zaidi, kwa kuwa naona umemwona mkosaji mtu aliyekuwa anakufanyia kazi.

Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa umri unaokaribiana na wa wako habari ya kusoma kuhusu mchezo wa besiboli. Baadhi walikuwa wasomaji hodari, baadhi dhaifu; baadhi waliujua mchezo huo sana, baadhi kidogo. Wasomaji dhaifu waliojua besiboli waliielewa na kuikumbuka habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Anachokijua mtu tayari ni kama uzi. Maneno mapya hupata pa kujitunga. Mvulana wako ana uzi mrefu sana wa mpira. Alichowasimulia wenzake uwanjani kilikuwa na tarehe, sababu, matokeo na mpangilio. Ule ulikuwa muhtasari, mwalimu. Tena ulikuwa na wasikilizaji. Ila haukuwa kwenye karatasi yako.

Lakini kuna uwezekano mwingine, na ningekusihi uuchunguze kabla hujafurahi. Pengine anashikilia kijitabu kile kwa sababu ndicho pekee anachokimudu. Wapo watoto wanaofika umri huo wakiwa bado wanayakwangua maneno moja moja, na wamejifunza kuficha. Anayetumia nguvu zake zote kulitambua neno hana nguvu iliyobaki ya kuifurahia sentensi. Ukimwambia kusoma ni raha anaona unamdhihaki. Mtafiti wa usomaji Keith Stanovich, mwaka 1986, alieleza jinsi pengo hilo linavyojipanua lenyewe, akaliita kwa jina la Injili ya Mathayo, pale panaposema kwamba mwenye kitu atapewa, na asiye na kitu hata kile alicho nacho atanyang'anywa. Anayesoma kwa wepesi husoma zaidi, anaokota maneno mengi, kesho anasoma kwa wepesi zaidi. Anayeona tabu hukwepa, na kila anapokwepa tabu inaongezeka. Kaa naye mahali ambapo wenzake hawamwoni, mwombe akusomee aya moja ya kijitabu chake na aya moja ya kitabu kigeni. Dakika tano zinatosha kukuonyesha kama anakosa hamu au anakosa wepesi. Ni magonjwa mawili tofauti, na zawadi haitibu hata moja kati ya hayo. Mwenye tabu ya pili anahitaji kufundishwa kusoma, kwa subira na bila kuaibishwa.

Umeniuliza uivunje chati au la. Sitakujibu ndiyo wala hapana, lakini naweza kutembea nawe njia chache.

Unaweza kuibandua kesho. Ungelala vizuri, nadhani. Hatari ni kwamba watoto watasoma tendo lako kuliko maneno yako: wengine wataona ni adhabu kwa udanganyifu na wataanza kutafuta mkosaji, na unajua watamfikia nani. Wengine watadhani kusoma kumekwisha. Na mtoto mpole, hata kama hahitaji tena nyota, anaweza kujihisi amenyang'anywa.

Unaweza kuiacha ifike mwisho wa muhula ife kifo cha kawaida, zawadi zitolewe kama zilivyoahidiwa, halafu muhula mpya uanze bila hiyo. Hii ni ya upole, ila inamwacha msichana ndani ya mbio kwa wiki kadhaa zaidi, na anajua kwamba unajua. Ukiichagua, mtafutie ruhusa ya siri ya kutoka mbioni. Mwambie tu kwamba hudai tena muhtasari wake. Na muulize alikuwa anasoma kitabu gani kabla ya chati. Natamani sana kujua atajibu nini.

Unaweza pia kuibakiza kwa wanaoitaka na kuwaachia wengine. Mimi siiamini sana njia hii, kwa kuwa kitu kikiwa ukutani kinamtazama kila mtu, hata aliyesema hakitaki. Wewe unalijua darasa lako kuliko mimi.

Na vipi hao wasiotaka? Mimi nilianza kwa dada yangu mkubwa. Alikuwa akinisomea riwaya kila usiku kwa sauti, na akifika pale mtu anapogonga mlango ambao hautakiwi kufunguliwa, anafunga kitabu analala. Usiku mmoja sikuvumilia. Nikakichukua kitabu taratibu nikaenda kumtafuta mwenyewe aliyegonga. Nilisoma kwa shida, nikiyaruka maneno nisiyoyajua, mpaka nikampata. Sikuwahi kuahidiwa chochote.

Usidhani wa miaka 14 ni wakubwa mno kusomewa. Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa aliyefundisha kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1992 kitabu kuhusu jambo hili hili linalokusumbua. Humo anasema kitenzi "kusoma" hakikubali kuamrishwa, kama "kupenda" na "kuota" visivyokubali, na anasimulia kuwasomea kwa sauti wanafunzi waliokwisha kata tamaa na vitabu, bila kuwadai chochote baadaye. Aliorodhesha haki kumi za msomaji. Miongoni mwake ni haki ya kuruka kurasa, ya kutomaliza kitabu, ya kurudia kukisoma, na ya kukaa kimya kuhusu alichosoma. Ya kwanza kabisa ni haki ya kutosoma. Najua hiyo itawashtua walimu kumi na tisa. Ilinishtua hata mimi, na bado sijui kama mwalimu anaweza kuitoa kikamilifu. Lakini hiyo ya kutomaliza kitabu unaweza kuijaribu kesho: watangazie kwamba kitabu kikiwashinda baada ya kurasa ishirini wanaruhusiwa kukirudisha na kuchukua kingine bila kujieleza, uone nyuso zao.

Wengine hutenga dakika kumi na tano za kusoma kimya, kila mtu na anachokitaka, mwalimu naye akiwa na chake. Naipenda, ila nisikuuzie kwa bei isiyo yake. Jopo la kitaifa la kusoma la Marekani lilipitia tafiti na kutoa ripoti mwaka 2000, na halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kusoma kimya peke yake kunaongeza uwezo wa kusoma. Mtoto anayekwangua maneno atakaa dakika hizo akifungua kurasa tu. Kwa hiyo kimya kile kinahitaji vitabu vya viwango mbalimbali, kinahitaji wewe kupita taratibu na kumwinamia huyu na yule, na kinahitaji mazungumzo baadaye, yale ya kweli, ambapo mtoto anamwambia mwenzake "usikianze hicho, hiki ndicho". Neno la mwenzake lina uzito ambao lako halina, tena yule mvulana msimulizi wa golikipa amekuonyesha.

Na wakichagua vitabu ambavyo wewe unaviona vya hovyo? Watachagua. Pengine na wazazi watauliza hii shule inasomesha nini. Ungewajibu nini? Nadhani jibu lako litakuwa zuri zaidi ukishaketi na kile kijitabu cha mpira na kukisoma wewe mwenyewe hadi mwisho.

Kuhusu mwalimu mkuu, umeniandikia kana kwamba kuna kusema yote au kunyamaza. Mtu aliyekusifu hadharani anastahili kusikia faraghani kwanza, kabla ya kikao, kutoka kwako. Unaweza kumpelekea hesabu zako pamoja na shaka yako bila kumtaja mtoto yeyote: tumepata vitabu 389 kwenye karatasi, nimegundua baadhi havikusomwa, na wapo waliofaidika kweli. Inawezekana akakasirika. Inawezekana pia kwamba alichokipenda ni kuona watoto wana vitabu mikononi, na namba ilikuwa ndiyo kitu pekee alichopewa cha kushangilia. Humjui mpaka umwambie. Na hao walimu kumi na tisa, je, wangejifunza zaidi kutoka kwa siri ya mafanikio, au kutoka kwa mwenzao anayewaonyesha mahali alipojikwaa na anachotaka kujaribu sasa? Pima mwenyewe. Wewe ndiye utakayeendelea kula nao meza moja, si mimi.

Na ile riwaya. Uliponiambia ulikosa jibu la kumpa msichana, sikushangaa. Jibu la swali lile halikai akilini likisubiri. Linakuja kwa mtu aliyetoka kusoma jana usiku. Mwaka mzima umesoma mihtasari ya vitabu vya wengine, mamia kwa mamia, na hiyo nayo imekuwa chati yako. Sikuambii uache kusahihisha, kazi ni kazi. Nakuuliza tu nini kingetokea ukiibeba riwaya hiyo darasani, alama ikiwa palepale ukurasa wa 40, ukawaambia ukweli kwamba umekwama tangu mwaka jana, kisha ukaketi ukaanza ukurasa wa 41 wakikuona. Huenda wasiseme kitu. Huenda msichana mwenye nyota 21 akakuuliza inahusu nini.

Niandikie baada ya hizo wiki tatu, vyovyote utakavyoamua. Na uniambie kama kijitabu kimetoka kwenye droo, na mvulana alisema nini ulipomrudishia mkononi.

Shangazi yako